Walaji wa Chumba cha Nyuma

1 Aprili

Jana mke wangu aliteleza bafuni akavunjika kifundo cha mkono wa kulia. Leo binti yetu amekuja na gari kumchukua akatibiwe mjini na kukaa kwake wiki tano. Nilidhani tumeshaagana, gari linanguruma, mara mama watoto akateremsha kioo.

"Baba watoto, mayai yameanguliwa alfajiri. Yamwage."

"Mayai gani?"

Akanitazama kama anavyonitazama nikiuliza chumvi iko wapi. Mayai ya viwavi wa hariri. Yako katika chumba cha nyuma, ambamo yeye huingia kila siku kwa miaka kumi na tisa, na mimi huingia kutafuta nyundo.

Nikasema simwagi kitu. Mimi niliyekagua mizani za masoko manne kwa miaka thelathini na mmoja, nishindwe kulisha wadudu? Binti yangu alicheka mpaka akazima gari. Mama yake hakucheka.

"Haya," alisema. "Lakini wakifa hawa, mimi sianzi tena. Mbegu ni yangu, nimeitoa msimu hadi msimu, sina nyingine na sinunui ya watu. Na umri umekwenda."

Kwa hiyo nimefungua daftari hili. Mkaguzi hafanyi kazi bila kumbukumbu.

2 Aprili

Ni weusi, wadogo kama vipande vya ndevu vinavyobaki kwenye beseni baada ya kunyoa. Nimechukua mia mbili kwa unyoya na kuwaweka kwenye mizani yangu ndogo, ile niliyopewa siku ya kustaafu. Mshale haukutikisika. Wote pamoja ni kama elfu tatu, na mama anasema kwenye simu kwamba nisiwadharau.

Masharti yake: majani ya mforsadi tu, machanga, yakatwe membamba kama tumbaku. Yasiwe na maji. Mikono iwe safi lakini isinukie sabuni. Nisijipake manukato, nisiwashe dawa ya mbu, nisivute sigara hata kwa dirisha. Nikamuuliza kama naruhusiwa kupumua.

"Pole pole," akasema.

3 Aprili

Nimelisha mara tano. Mara tano! Watoto wangu mwenyewe nilikuwa nikiwaona chakula cha jioni.

5 Aprili

Nimepata mshtuko. Asubuhi nimekuta wote wameacha kula. Wameinua vichwa juu, wametulia tuli, kama watu wanaosikiliza tangazo. Nikajua nimewaua siku ya tano. Nilipiga simu mjini.

"Wameinua vichwa?" mama aliuliza.

"Wote."

"Wamelala. Kiwavi hulala mara nne katika maisha yake, na kila akilala hujivua ngozi, maana mwili unakua na ngozi haikui. Usiwape chakula, usiwaguse. Na ukitoka, usibamize mlango."

"Kumbe hulala na kichwa juu?"

"Kwani wewe hulali na mdomo wazi?"

6 Aprili

Bado wamelala. Na mimi nimelala.

7 Aprili

Wameamka. Wamebadilika rangi, wana weupe wa majivu, na ngozi za zamani zimebaki chini kama soksi zilizovuliwa kwa haraka. Mmoja alikwama katikati ya kuvua. Nikasimama naye kama nusu saa nikimhimiza kimoyomoyo. Alitoka. Sijui kwa nini nilifurahi vile.

10 Aprili

Leo, wakiwa wamelala mara ya pili, nimekitazama chumba chenyewe. Kichanja chenye ngazi sita za trei, na kila mguu wake umesimama ndani ya kopo la maji ili sisimizi wasipande. Visu vitatu vimepangwa kwa ukubwa. Ukutani pana misumari yenye karatasi za kila msimu, na kila karatasi ina maandishi yake ya penseli: mvua ilikuja lini, walilala saa ngapi, walikufa wangapi. Nimezisoma zote. Msimu wa saba alipoteza nusu ya viwavi, akaandika hivi tu: "Nilichelewa kubadilisha matandiko. Kosa langu."

Nimeishi na mwanamke huyu miaka thelathini na minane. Ofisini nilikuwa na wasaidizi wawili na kabati la chuma, na kumbukumbu zangu hazikuwa safi hivi. Sikuwahi kumwambia mtu yeyote kwamba mke wangu ana kazi. Nilikuwa nikisema ana vidudu vyake.

11 Aprili

Nimekwenda kuchuma majani upande wa ukuta na nimemwona jirani yetu, Bucha, akipalilia mboga. Hatusemeshani mwaka wa kumi na moja huu. Alikuwa na bucha sokoni, mimi nikaikuta mizani yake imepunja, nikaandika ripoti, naye akafungiwa. Tangu hapo analima mboga, na mboga zake ni kichekesho. Kabichi zina matundu kama chujio. Kila msimu nasema mezani: mtu huyu ni mvivu hata wa kupuliza dawa. Mama huniongezea mchuzi tu.

13 Aprili

Mvua. Majani yote yameloa, na jani lenye maji ni ugonjwa wa tumbo kwa wageni wangu. Nimeyafuta moja moja kwa shuka la wageni, kisha la kwetu. Kuanzia leo nalala juu ya godoro tupu.

14 Aprili

Mvua. Majani. Shuka. Mvua.

15 Aprili

Jua kidogo. Walilala mara ya tatu na wameamka na njaa ya ajabu. Sikati tena majani membamba, nawapa mazima. Nikikaa kimya nawasikia wakila. Ni sauti ya mtu anayekaanga kitunguu kwa moto mdogo chumba cha pili. Nimehamishia kiti changu cha sebuleni huko ndani. Gazeti la tatu hili silisomi.

19 Aprili

Naandika mkono ukiwa bado unanuka majivu.

Jana niliona chumba kimebanana. Nilihitaji nafasi ya kuanikia majani, nami ni mtu wa utaratibu, nikasukuma kichanja mpaka kikagusa ukuta. Nafasi ikapatikana. Nilijipongeza. Viwavi walikuwa wameanza usingizi wa nne, ule mrefu, na sikutaka kuwasumbua, nikafunga mlango taratibu.

Leo saa tatu asubuhi nafungua nakuta mstari mweusi ukutani, umenyooka kama umepigwa kwa rula. Sisimizi. Hawakuwa na haja ya kuvuka maji ya makopo, nilikuwa nimewajengea daraja. Walikuwa wameingia trei ya juu, na kiwavi aliyelala hawezi kukimbia wala kujikunja. Anabebwa hivyo hivyo kichwa kikiwa juu.

Nilikimbia dukani. Nimesema nilikimbia, na umri wangu ni miaka sitini na sita. Nikanunua kopo kubwa la dawa ya kupuliza, nikarudi nikilitikisa. Nimefika mlango wa nyuma, kidole kiko juu ya kitufe, nikasikia sauti juu ya ukuta.

"Weka chini hilo kopo, Mkaguzi."

Alikuwa Bucha. Kichwa na mabega vilikuwa juu ya ukuta, sijui alisimama juu ya nini.

"Sisimizi wameingia," nikasema. Hayo yakawa maneno yangu ya kwanza kwake baada ya miaka kumi na mmoja.

"Ukipuliza hapo, sisimizi watakufa na viwavi watakufa. Wote. Hata wa trei ya chini. Hata kesho ukiwalisha kwa mkono uliolishika kopo hilo, watakufa. Liweke chini, kanawe kwa majivu, halafu nisubiri."

Akaruka ukuta. Aliruka vibaya, akaangukia magoti, akainuka kabla sijamfikia. Tukavuta kichanja kutoka ukutani. Tukatoa trei moja moja mpaka uani, tukamwaga majivu mstari mzima wa ukuta, tukajaza makopo. Kisha tukakaa chini, wazee wawili, kila mmoja na unyoya wake, tukiondoa sisimizi mmoja mmoja juu ya viwavi waliolala. Ilituchukua mpaka adhuhuri. Yeye alikuwa na mkono mwepesi kuliko wangu.

Tumepoteza karibu nusu ya trei moja, kama mia mbili. Waliobaki hawakujua lililotokea.

Tulipomaliza nilimpa maji. Akanywa, akatazama ua wangu, akasema, "Mke wako anaendeleaje na mkono?"

"Umejuaje?"

"Aliniita kwenye ukuta kabla hajaingia garini. Alisema, mtazame mzee, anajua kila kitu isipokuwa asichokijua."

Hapo nikauliza lililokuwa linanikera. Habari za dawa na viwavi kazijua wapi? Akanitazama kama haamini.

"Sasa wewe unadhani kabichi zangu zina matundu kwa nini? Upepo unatoka kwangu unaingia kwenu. Nikipuliza dawa leo, kesho mama huyu hana kiwavi. Aliniomba mwaka ule nilipoanza kulima. Sijapuliza tangu hapo."

"Miaka kumi na mmoja?"

"Msimu hadi msimu. Naye hunipa mavi ya viwavi, ni mbolea nzuri sana. Kabichi zangu zina matundu, lakini zina ukubwa."

Nikatafuta la kusema, nikasema baya kuliko yote: kwamba mizani yake ilikuwa imepunja kweli.

"Ilipunja," alisema. "Nilijua. Ulinikamata kwa haki. Kilichoniuma ni kwamba tulikuwa tunagawana ukuta na hukuniita kwanza ukaniambia, jirani, rekebisha."

Akaweka kikombe chini akaondoka, safari hii kwa mlango.

20 Aprili

Nimepiga simu mjini nikamweleza mama yote, pamoja na kichanja. Nilitarajia anifokee.

"Mia mbili?" alisema. "Sisimizi wangekula nusu. Mshukuru."

Nikamuuliza kwa nini alinificha habari za kabichi.

"Ningekwambia, ungeanza hotuba ya mizani, naye angesikia, ukuta wenyewe hauzuii sauti. Ningebaki bila jirani na bila viwavi."

21 Aprili

Wameamka usingizi wa nne. Nimeingia na kikapu cha majani, nimegeuka kufunga mlango, kikapu kimeisha.

22 Aprili

Hawa si viwavi, hawa ni ukoo uliokuja msibani. Wanakula mchana kutwa bila kupumzika. Miforsadi yetu sita imebaki vijiti. Nikihesabu, majani yatatosha mpaka kesho mchana, na mama anasema watakula kwa siku nne zaidi. Wakikosa sasa hawatakuwa na nguvu ya kusuka, na kazi yote itakuwa bure.

Upande wa Bucha, nyuma ya ukuta, kuna safu ya miforsadi. Sikuwahi kujiuliza mtu wa kabichi anaitakia nini.

23 Aprili

Nimekwenda. Nilivaa shati la ukaguzi, nikalivua, nikavaa la kawaida. Nikabisha hodi mlangoni kwake, mlango ambao mara ya mwisho niliubisha nikiwa na karatasi ya kumfungia.

Nilikuwa nimeandaa maneno mengi. Alipofungua nikasema, "Jirani, nilipaswa kukuita kwanza. Ilikuwa haki yako uitwe kwanza. Nisamehe."

Akatazama kikapu nilichokishika. Kisha akasema, "Umekuja kuomba majani."

"Nimekuja kwa yote mawili."

"Basi moja umekwisha kulisema, nimelipokea. Majani, shika mundu huu. Mimi mgongo umegoma tangu ule ukuta."

Tumebeba vifurushi kumi na vitatu. Nilikuwa nakata, yeye anafunga. Tumezungumza habari za mgongo, za wajukuu, na za nyama kupanda bei. Nimerudi nyumbani nikiwa mwepesi, nikaona aibu kwamba ilihitaji wadudu elfu tatu kunipeleka nyumba ya pili.

25 Aprili

Nimempima mmoja. Gramu nne na ushee. Nimefanya hesabu mara mbili, mama amenithibitishia: tangu aanguliwe, kiwavi ameongezeka uzito mara elfu kumi kwa siku ishirini na tano. Mimi nilizaliwa na kilo tatu. Ningekua kwa mwendo huo ningekuwa na tani thelathini kabla ya kufikisha mwezi. Bucha amesema hata sasa siko mbali.

Ni weupe, laini, wa baridi mkononi. Wanene kama kidole changu cha mwisho. Nawaona wazuri. Naandika hivyo na sitalifuta.

26 Aprili

Mchana huu baadhi wameacha kula. Ngozi zao zimeanza kuangaza, unaona mwanga upande wa pili, kama zabibu ukiiweka mbele ya taa. Wanainua vichwa na kuvipeleka huku na huku wakitafuta kitu hewani. Bucha alipotazama alisema, "Wamekomaa. Lete matawi."

Tumewahamisha mmoja mmoja hadi kwenye matawi makavu tuliyoyasimamisha ndani ya chumba. Ukichelewa wanasuka popote, hata kwenye soksi. Mmoja ameanza kwenye mfuko wa shati langu. Nimelitundika shati, sijalivaa tena.

27 Aprili

Sijafanya kazi yoyote leo. Nimekaa kwenye kiti nikatazama.

Uzi unatoka mdomoni. Ni majimaji, yakikutana na hewa yanakuwa uzi. Kwanza anafunga nyuzi za ovyo kwenye tawi, za kujishikiza. Kisha anaanza kupeleka kichwa kwa mwendo wa namba nane, huku na huku, bila kukosea wala kurudi nyuma, akijizungushia ukuta kwa ndani. Asubuhi nilikuwa namwona wazi. Adhuhuri nilimwona kama mtu nyuma ya pazia. Alasiri nikawa naona kivuli kinachotikisika. Hatasimama siku tatu. Uzi mmoja tu, haukatiki, na ukinyooshwa unakaribia kilomita nzima. Amekula siku ishirini na sita ili afanye hili moja, na hakuna aliyemfundisha.

Nimekuwa mkaguzi maisha yangu yote. Kazi yangu ilikuwa kutafuta kasoro. Leo nimetafuta sana.

29 Aprili

Kimya. Chumba hakina sauti tena. Nimeukosa ule mlo wao.

4 Mei

Tumevuna. Vifukofuko vyeupe, vigumu, kila kimoja ukikitikisa sikioni unasikia kitu kinagongagonga ndani. Elfu mbili na mia sita. Nimevimwaga juu ya shuka safi, nami na Bucha tumekaa tukivitazama kama watu waliopata watoto uzeeni.

5 Mei

Amerudi. Hakupita sebuleni. Alikwenda moja kwa moja chumba cha nyuma, mkono ukiwa kwenye kitambaa shingoni, akashika vifukofuko kimoja kimoja kwa mkono wa kushoto, akivibonyeza. Nilisimama mlangoni kama mwanafunzi anayesubiri matokeo.

"Vizuri," akasema.

Baadaye, tukinywa chai, akaweka mkono wa kulia mezani. Vidole viwili havijikunji. Daktari amemwambia havitajikunja tena. Kutafuta ncha ya uzi wa kifukofuko kwenye maji ya moto na kuishika kunataka vidole vyote.

"Umejua lini?"

"Wiki ya pili."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa na wageni. Mtu mwenye wageni haambiwi msiba."

Nilipokuwa nikimsimulia kwa simu jinsi wanavyokula, na yeye akicheka, alikuwa ameshaambiwa.

6 Mei

Leo ni siku ya kuchagua. Vifukofuko vingi vitapigwa mvuke leo leo, kabla kiwavi hajageuka nondo, kipepeo wa usiku, na kutoboa, maana akitoboa uzi wote unakatika. Kidudu cha ndani kinakufa. Nilikuwa nalijua hili, na nimelikwepa kulifikiri mwezi mzima. Nimelisema kwa sauti: inaniuma. Mama akasema yeye humuuma pia, kila msimu, na kwamba siku isipomuuma ataacha.

Lakini mia moja haviguswi. Hivyo ndivyo vya mbegu, vitoe nondo wa kutaga, vilivyo bora kuliko vyote, navyo havitoi hariri.

"Nani huvichagua?" nikauliza.

"Wewe."

Nimechukua saa mbili. Nimepima, nimebonyeza, nimevipanga kwa safu. Yeye akapitia, akatoa vitatu akaviweka pembeni.

"Umekosea vitatu," alisema. "Msimu wangu wa kwanza nilikosea vyote."

8 Mei

Tumeanza kuvuta uzi. Mimi ndiye niliyetafuta ncha, yeye amezungusha gurudumu kwa mkono wa kushoto. Vidole vyangu vimeiva. Ncha haionekani, unaipapasa kwa brashi ndani ya maji ya moto mpaka inase. Unakusanya nyuzi nane za vifukofuko vinane ndipo upate uzi mmoja unaoonekana kwa macho. Nimekata mara kumi na tisa. Yeye kwa miaka yote hiyo alitafuta ncha na kuzungusha gurudumu peke yake, na mimi nilikuwa sebuleni nalalamikia harufu.

Nimemwambia hivyo hivyo. Akasema, "Usikate tena."

13 Mei

Nondo wametoka. Weupe, wenye manyoya, mabawa wanayo lakini hawaruki. Mdomo wa kulia hawana. Waliokula kuliko wote niliowahi kuwalisha, sasa hawana haja ya chakula. Wana siku chache tu, na shughuli moja.

15 Mei

Mayai yametagwa juu ya karatasi, manjano, yamebanana kama mtama. Mke wangu akaniletea penseli. Kila karatasi ya mbegu huandikwa tarehe na jina la mlezi, ili ugonjwa ukitokea ijulikane mbegu ilitoka mikono ya nani. Nikaandika tarehe. Nikaandika jina lake.

"Futa," akasema.

"Mbegu ni yako."

"Ilikuwa yangu. Anayeandikwa ni aliyelea. Mimi nilikuwa kitandani."

"Na msimu ujao?"

"Msimu ujao utaandika tena, nami nitakuwa hapa nakukosoa."

Nikafuta, nikaandika langu. Akalisoma, akasema herufi zangu ni mbaya kwa mtu aliyefanya kazi ofisini. Kisha akaichukua karatasi, akakataa nisimsaidie, akaitundika mwenyewe kwa mkono wa kushoto kwenye msumari unaofuata zake. Nililia mbele yake, na hili ni daftari la ukaguzi, siandiki uongo humu.